Saini elfu tatu zimekusanywa. Sasa ziende kwa nani?

Swali: Shikamoo. Naishi Kilifi, kandokando ya hori. Kuna kiwanda kimeanza kumwaga maji yenye povu na harufu kali kwenye mikoko, na wavuvi wa kaa walalamika kuwa mitego yatoka mitupu. Vijana wa hapa tumeanzisha kampeni mtandaoni na saini zimepita elfu tatu. Baba yangu, ambaye ni mvuvi, anatucheka. Asema hata zikifika laki hakuna wa kuzisoma. Je, kampeni za wananchi zimewahi kweli kumzuia mwenye kiwanda au serikali, au twajifurahisha tu? Na tukishapata saini tufanye nini?

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, usigombane na baba yako, maana katika neno lake kuna ukweli mwingi. Miaka mingi nyuma, kabla sijajua kazi hii vizuri, mimi na wenzangu tulibeba katoni mbili za saini kwa matatu hadi ofisi moja ya serikali. Tulikuwa tumezikusanya misikitini, makanisani, na sokoni siku za gulio. Tulikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Karani alipofungua katoni alisoma ukurasa mmoja, akatutazama kwa huruma, akasema: "Mambo haya hayaamuliwi hapa." Leseni tuliyokuwa tunaipinga ilitolewa na ofisi nyingine, katika jengo jingine, na muda wa kukata rufaa ulikuwa umeisha wiki tatu kabla. Kazi ya miezi minne ilikwisha kwa sentensi moja. Katoni zenyewe sijui ziliishia wapi.

Tangu siku hiyo, kila kundi linaloniletea saini naliuliza maswali mawili. Nani ameshika kalamu? Na nani ameshika mkoba? Mwenye kalamu ndiye anayetia sahihi leseni, kibali au amri. Mwenye mkoba ndiye anayekopesha mradi, mwenye hisa zake, au mnunuzi wa bidhaa yake. Saini ni hodi, na mtu hapigi hodi barabarani. Kampeni nyingi ninazoziona mtandaoni zimeelekezwa kwa "serikali" au "dunia", na huko hakuna mlango.

Lakini swali lako la kwanza lilikuwa kama zimewahi kufaulu. Zimewahi, tena si mbali na kwako.

Nianze na kisa cha zamani kidogo kwa sababu ndicho kilichobadilisha sheria tunayoitumia leo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisikia kuwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, patajengwa jumba la ghorofa 60 la kampuni ya magazeti ya chama tawala, pamoja na sanamu ya rais. Akaandika barua. Hakuandika moja, aliandika kwa kila aliyedhani ana usemi: ofisi ya rais, wizara, wakuu wa mashirika ya kimataifa, balozi wa Uingereza. Bungeni walimkejeli, wakamtajia hata talaka yake. Alipokwenda Mahakama Kuu, kesi ikatupwa, na sababu ndiyo nataka uikumbuke: aliambiwa hana haki ya kushtaki kwa kuwa yeye binafsi hakuonyesha ameumizwa vipi na jumba hilo. Bustani ni ya wote, kwa hiyo hakuna wa kuisemea!

Jumba halikujengwa. Mradi ulitegemea fedha za nje, barua zile zikawafikia wenye mkoba, wakaanza kuuliza kwa nini nchi inayoomba misaada ijenge mnara wa aina hiyo. Mwaka 1992 uzio wa eneo la ujenzi uling'olewa. Kalamu ilimkatalia, mkoba ukamwitikia.

Ule mlango wa mahakama uliofungwa mbele ya Wangari ulifunguliwa na Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa, na kijifungu cha tatu kinasema wazi kwamba hahitaji kuthibitisha kuwa yeye au mtu mwingine amepata hasara. Mvuvi aweza kushtaki, nawe usiyevua waweza kushtaki kwa ajili ya mikoko yenyewe. Mkiambiwa na wakili wa kampuni "ninyi ni nani katika jambo hili?", jibu limo humo.

Sasa Lamu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa hiki kina karibu kila kitu mtakachokutana nacho.

Mradi ulikuwa wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, bara ya Lamu, kwa gharama ya takriban dola bilioni mbili. Kampuni iliitwa Amu Power. Makaa yangeletwa kwa meli. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na watu wake wengi ni wavuvi, mabaharia na wenye shughuli za wageni. Wenyeji wakajikusanya chini ya muungano wa Save Lamu, na baadaye wakaungana na wanaharakati wa Nairobi na kwingineko katika kampeni ya deCOALonize. Maandamano yalikuwapo, fulana zilikuwapo, saini zilikuwapo. Lakini uti wa mgongo ulikuwa karatasi.

NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa leseni Septemba 2016. Wenyeji hawakukaa kulalamika vijiweni. Novemba mwaka huohuo walikuwa wameshakata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, lile linaloitwa NET. Sheria inatoa siku 60 tu, na hizo siku 60 ndizo zilizotutupa sisi na katoni zetu. Kisha kesi ikaenda karibu miaka mitatu. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta leseni.

Usidhani jopo lilisema makaa ya mawe ni haramu. Halikusema hivyo. Jambo zito lililoangusha leseni ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ambayo kampuni iliitaja kuwa ushirikishwaji ilikuwa ya kuutambulisha mradi, nayo ilifanywa kabla utafiti wa athari haujakamilika. Watu waliambiwa mtambo unakuja, utaleta kazi. Hawakuambiwa utafiti umeona nini kuhusu moshi, majivu na maji ya moto yatakayorudi baharini, maana siku ya mikutano utafiti wenyewe haujaisha. Na ulipoisha, ukawa ripoti nene ya kitaalamu kwa Kiingereza. Jopo pia liliona kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Hebu fikiria hayo yalithibitishwaje. Ni kwa watu kusema mkutano ulikuwa lini, nani alizungumza, aligawa karatasi gani, aliulizwa nini na akajibu nini. Mtu aliyekwenda barazani akatoka bila kuandika kitu alikuwa hana msaada mkubwa siku ya kesi, hata kama roho yake yote ilikuwa kwenye harakati.

Huku kalamu ikipiganiwa, wengine walikuwa wanaushughulikia mkoba. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza 2019 kwamba haitagharamia makaa ya mawe. General Electric, iliyokuwa imekubali kuingia kwenye mradi, ikatangaza Septemba 2020 kwamba inaacha kujenga mitambo mipya ya makaa. Benki kubwa ya China, ICBC, nayo ikajitoa. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni. Tangu leseni hadi hapo ni miaka tisa. Mwambie baba yako namba hiyo bila kuificha, kwa sababu vijana wengi huingia kwenye kampeni wakidhani ni jambo la likizo ya Desemba.

Na kama Lamu ni mbali, Mombasa ni hapo tu. Mtaa wa Owino Uhuru, Changamwe, ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho. Mwanawe mchanga alipougua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Akaanza kudai watoto wa mtaa wapimwe. Alikamatwa, akafikishwa kortini, akaachiliwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliamriwa na mahakama Julai 2020, ikapinduliwa kwenye rufaa 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kilichoshinda pale ni vipimo vya damu. Bila hivyo, neno la mama wa mtaa wa mabanda lingewekwa mizani moja na neno la kampuni yenye mawakili, na unajua mizani hiyo ingelala upande gani.

Kwa makampuni makubwa ya nje, mambo huenda kasi zaidi kwa sababu mkoba wao uko mikononi mwa mnunuzi wa dukani. Machi 2010 shirika la mazingira la Greenpeace lilianza kuishambulia Nestlé kwa sababu ya mafuta ya mawese yaliyohusishwa na ukataji wa misitu ya Indonesia na kutumika kwenye chokoleti ya KitKat. Watu waliujaza ukurasa wa kampuni kwenye Facebook kwa maneno makali. Kufikia Mei kampuni ilikuwa imeahidi kuachana na mawese yanayotokana na ufyekaji misitu. Miezi miwili! Lakini Nestlé ina jina la kulinda kila nyumba. Kampuni ambayo hakuna anayeijua jina huoni cha kuiaibisha, na hapo inabidi umtafute anayeijua, yaani benki yake au mnunuzi wake mkubwa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ambako kampuni ya Soco ya London ilitaka kutafuta mafuta karibu na Ziwa Edward. Shirika la uhifadhi la WWF liliipeleka kampuni hiyo kwa serikali ya Uingereza kwa malalamiko, chini ya mwongozo wa nchi tajiri kuhusu mwenendo wa makampuni, huku malaki ya watu wakitia saini. Juni 2014 Soco ikakubali kuondoka, na mwaka uliofuata Kanisa la Uingereza likauza hisa zake katika kampuni hiyo.

Nikikuhadithia ushindi tu nitakuwa nakudanganya. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Kampeni ya kulipinga ni miongoni mwa kubwa zaidi ambazo kanda yetu imewahi kuona. Barclays, BNP Paribas, Société Générale, Standard Chartered, zote zilisema hazitii fedha zao. Bunge la Ulaya likapitisha azimio Septemba 2022. Wanafunzi wa Kampala wamekamatwa mara nyingi mpaka kukamatwa kwao kumekuwa habari ndogo. Hata hivyo bomba linajengwa. Machi 2025 ilitangazwa awamu ya kwanza ya mkopo kutoka kwa kundi la mabenki ya kwetu Afrika na taasisi moja ya Kiislamu, Afreximbank na KCB Uganda wakiwamo. Mkoba mmoja ulipofungwa, mwingine ukafunguliwa. Na azimio la Ulaya, kwa maoni yangu, liliwapa serikali silaha: sasa wangeweza kusema wanaopinga ni vibaraka wa Wazungu, na watu wengi wa kawaida, wanaotaka kazi na barabara, waliona hoja hiyo ina mantiki. Kesi ya mashirika kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki ilitupwa Novemba 2023 kwa kuwa ililetwa nje ya muda wa miezi miwili uliowekwa na mkataba wa jumuiya. Siku, tena siku! Mtaona ninavyozidi kuzeeka ndivyo ninavyozidi kupenda kalenda.

Na hata ukishinda, usitupe faili. Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ndiko wanakozaliana heroe wadogo wa Afrika Mashariki nzima, wale ndege wa rangi ya waridi. Tata Chemicals ilitaka kujenga kiwanda cha magadi pale, watu wakapiga kelele ndani na nje, kampuni ikajitoa 2008. Mwaka 2011 wazo likarudi, safari hii serikali yenyewe ikitaka liharakishwe, na waliokuwa wamehifadhi hoja na takwimu zao hawakuanza upya.

Basi tuje kwenye hori yenu.

Msiongeze saini kwanza. Elfu tatu zinatosha kuonyesha kuwa si kijana mmoja mwenye chuki. Andikeni barua kwa NEMA, ofisi ya kaunti, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mkiomba vitu vitatu: leseni ya mazingira ya kiwanda pamoja na masharti yake, leseni ya kumwaga maji taka, na ripoti ya karibuni ya ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka. Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Pelekeni nakala mbili, moja ibaki kwao, moja irudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Karani akisema muhuri haupo, ngojeni urudi. Wasipojibu, kuna Tume ya Haki ya Utawala, wengi waiita Ombudsman, na kukata rufaa huko hakuhitaji wakili. Mara nyingi nimeona mambo mawili yakitokea hapa. Ama leseni ya kumwaga maji haipo au imekwisha muda, na mzigo wenu umepungua nusu. Ama ipo, na ndani yake mmeandikiwa viwango ambavyo kiwanda kiliahidi kuvitimiza, na sasa mna cha kupimia.

Vipimo navyo. Picha ya povu ni nzuri kwa Facebook lakini povu si sumu kwa lazima. Hata sabuni ya kufulia hutoa povu. Maji yachukuliwe na mtu wa maabara inayotambuliwa, au kupitia ofisi ya Mkemia wa Serikali Mombasa, na iandikwe yalichotwa wapi, saa ngapi, maji yakiwa yanajaa au yanakupwa, na nani aliyabeba mpaka maabara. Mchote pia upande wa juu wa mkondo, kabla ya bomba, si upande wa chini tu, msije mkaambiwa uchafu umetoka kwingine. Ni ghali kidogo. Changeni, shilingi mia kwa kila aliyetia saini ni zaidi ya mnachohitaji, na mtajua kwa haraka ni wangapi kati ya wale elfu tatu ni wenzenu kweli.

Msitie chumvi hata kidogo. Mwaka 1995 Greenpeace iliilazimisha Shell kuacha mpango wa kuzamisha Brent Spar, hifadhi kuukuu ya mafuta katika Bahari ya Kaskazini. Wajerumani walisusia vituo vya mafuta mpaka kampuni ikasalimu amri. Kisha ikabainika kuwa kipimo cha mafuta yaliyobaki ndani, kile walichokitangaza, kilikuwa na kosa kubwa, na Septemba mwaka huohuo Greenpeace ikaomba radhi. Shirika kubwa linaweza kuomba radhi na likaendelea kuishi. Kikundi cha vijana wa Kilifi kikikosea namba moja kitaletewa barua ya wakili kuhusu kuchafua jina. Semeni mlichoona na mlichopima. "Kiwanda kinatuua" msiandike. "Tarehe fulani, saa fulani, maji ya rangi hii yalitoka kwenye bomba hili" andikeni, na wekeni video.

Mnadai nini hasa? Nilipoisoma kampeni yenu uliyoniambatanishia, mmeandika "tunataka mazingira safi". Hakuna meneja anayeweza kulijibu hilo, na hakuna afisa wa NEMA anayeweza kulitekeleza. Dai liwe kitu ambacho jibu lake ni ndiyo au hapana: mtambo wa kusafisha maji ujengwe kufikia mwezi fulani, na vipimo vya kila mwezi vibandikwe kwenye ubao wa chifu. Ningewashauri pia msidai kiwanda kifungwe, angalau si kwa sasa. Wanaofanya kazi humo ni majirani zenu. Mkianza na kufunga, mtakuwa mmewapa kampuni jeshi la bure, na watu ambao wangewaambia bomba hufunguliwa saa ngapi za usiku watawafungia mdomo.

Tafuteni pia kiwanda chauza kwa nani. Kama bidhaa yake yaenda ng'ambo au kwenye maduka makubwa ya Nairobi, mnunuzi huenda ana masharti yake ya mazingira, na barua fupi yenye nakala ya vipimo huweza kufanya kwa wiki mbili jambo ambalo ofisi ya umma itachukua mwaka kulifikiria. Hiyo barua iandikeni mkishapata majibu ya maabara, si kabla. Saini zenu ndipo zitoke hapo, zikiambatanishwa na barua zote mbili, ya mnunuzi na ya NEMA. Na mkitaka kuwasilisha ardhilhali, yaani ombi la maandishi, kwenye bunge la kaunti, mwakilishi wa wadi yenu aulizwe mbele ya watu, siku ya baraza, kama ataisoma.

Mwisho, baba yako. Wewe waniambia anawacheka. Mimi nasikia kwamba pale nyumbani pana mtu aliyetega kaa kwenye hori hiyo kabla kiwanda hakijaja. Mtafutie daftari. Kila akirudi aandike tarehe, idadi ya mitego, kaa wangapi, na aliweka wapi. Akikataa kuandika, muulize akiwa anakula, uandike wewe. Anza na juma hili, hata kabla ya barua ya NEMA kugongwa muhuri, kisha siku ya ishirini na mbili uniandikie kama wamejibu.